Mwenye Funguo

Jumatano, ghorofa ya pili, chumba cha mwisho.
Napiga deki ukumbini, mlango wao u wazi nusu,
na mvua ya Glasgow, ile isiyonyesha wala kukoma,
inapangusa madirisha kwa kitambaa kichafu.

Mwalimu Eilidh ameandika ubaoni
vitenzi sita vya Kiingereza,
vyote vya kumtoa mtu pale alipo.

Cha kwanza, asema, ni cha mwenye nyumba.
Huja na karatasi, na muhuri, na siku kumi na nne.
Shilan, fundi cherehani, hanakili.
Anacho tayari, amekikunja mkobani
pamoja na nambari ya wakili.

Cha pili ni cha wakubwa kwa wakubwa:
mtu hung'olewa, kiti kikabaki na joto lake.
"Hicho mimi sikihitaji," asema Tibor,
na darasa lacheka, maana Tibor hajakalia
kiti ambacho mwingine alikitamani.

Cha tatu ni cha shule, na cha mapafu pia,
kwani pumzi nayo hufukuzwa.
Cha nne ni cha kaseti, cha rubani,
cha mlevi mlangoni pa baa.
Cha tano mwalimu anakitaja kwa sauti ya chini,
kama apitaye kando ya kitanda cha mgonjwa.
Kina ndege ya alfajiri ndani yake. Kina pingu za plastiki.
Hakuna aliyeuliza maana.

"Sasa tutunge sentensi," asema. "Kauli ya kutendwa."

Tulifukuzwa.

"Vizuri. Na nani?"

Dekio langu likatulia kwenye ndoo.
Sikujua sarufi ina swali kama hilo.
"Na barua," asema Thuỳ, akibandua rangi kwenye kucha ya gumba.
"Na kodi," asema Tibor. "Kodi ya nyumba. Halafu na shangazi."
Shilan akakaa kimya mpaka nikadhani hakusikia.
"Na jirani," akasema.
"Gauni la harusi la binti yake nililishona mimi.
Lulu mia mbili na kumi, moja moja, kwa mkono."

Mwalimu akaandika *na jirani*.
Chaki ikamkatikia.

Kilibaki cha sita, na hakukieleza.
Ndicho hicho tunachotumia kwa meza baada ya chakula,
na kwa mbingu mawingu yakiisha.
Ndicho kilichopita kaskazini kwao
bonde kwa bonde: wazee wao nje na vyungu vyao,
paa likiwaka, kondoo wakiingia.
Walikuwa na neno lao la kukilalamikia.
Neno hilo Eilidh hana;
lugha aliyolia nayo bibi wa bibi yake
haikufika mpaka kwake.
Akakipigia mstari, akageuka, akatazama saa.

Kipo cha saba, mwalimu. Hukukiandika.
Mimi nilikisikia kwenye karakana ya meli,
asubuhi, kofia mkononi, wanaume mia tatu na zaidi.
Meneja alisema kwa upole kwamba *wanatuachia*,
kama vile tulikuwa njiwa viganjani mwake,
kama vile tulikuwa tumeomba.
Nilikwenda nyumbani kwa miguu. Nilipitia mtoni.
Mary alikuwa amepika viazi, nikavila vyote
kabla sijamwambia.

Saa tatu kasoro moja usiku.
Kazi yangu ni kuwatoa saa tatu kamili:
taa, madirisha, kengele ya wezi, funguo.
Kwa kawaida situmii kitenzi. Hutikisa funguo tu,
nao husimama, huvaa makoti, husema ahsante.
Ahsante!

Ndani, Shilan amenyoosha mkono.
Anataka kujua kama gauni
nalo laweza kuwa mtendaji wa sentensi.
Mwalimu anavuta kiti, anakaa.

Saa tatu.
Funguo nazisukuma chini kabisa mfukoni,
nazifunika kwa leso zisilie,
narudi mwanzo wa ukumbi
na kupiga deki sakafu iliyokwisha kukauka.